Saa ya Kusimama

Matangani watu husema uongo mwingi, nami sijawahi kuwalaumu, kwa sababu marehemu hadai ukweli na walio hai wanahitaji kitu cha kusema wakati sufuria zinachemka. Lakini siku ya tatu ya msiba wa Odilia, katika ua wa binti yake Feza kule Kataki, bibi mmoja nisiyemfahamu alisema jambo lililokaribia kuwa kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa ameketi karibu nami akichagua maharagwe kwenye lungo. "Marehemu hakusoma," alisema, "lakini alikuwa na akili kupita hawa wenye kusoma." Wanawake wakaitikia: ndiyo, kabisa, hakusoma, masikini. Kisha mmoja wao akanielekezea kidevu na kusema kwa heshima zote, "Si kama dada yake, Mama Direkta. Huyu Mungu alimupatia masomo." Nilikuwa na chekeche ya unga wa mihogo mapajani. Niliendelea kuchekecha. Nina miaka sitini na kitu, nimefundisha watoto wa watu mpaka chaki imeniharibu kifua, nimekuwa direkta, mwalimu mkuu wa shule, na nina ulimi mkali ambao wanangu wenyewe wanauogopa. Pale sikuwa na neno hata moja. Mungu alinipatia masomo! Mungu wa watu anasingiziwa mambo mengi.

Odilia alikuwa binti wa mdogo wake baba yangu, na kwetu huyo si binamu, ni mdogo wako, tumbo moja. Nilimtangulia kuzaliwa kwa miezi minne tu. Mwaka ninaousimulia ni ule tuliokuwa darasa la sita, wakati nchi ikiitwa Zaire na shule za misheni zimechukuliwa na serikali. Shule yetu ya Kalemie ilikuwa juu ya kilima, ya matofali mekundu, na madirisha ya darasa letu yalitazama ziwa, hata tuliweza kuhesabu maboti yanayotoka Kigoma badala ya kuhesabu yaliyokuwa ubaoni. Asubuhi moja walikuja mabwana wawili waliovaa abakosti, lile koti lisilo na tai tuliloambiwa ndilo vazi la mzalendo, pamoja na fundi mwenye nyundo. Wakapita darasa kwa darasa wakitoa misalaba. Wa kwetu ulitoka kwa urahisi, ila msumari wake ulikataa. Fundi aliupiga, akauvuta, ukapinda tu. Mabwana wakasema basi, mtundike hapo picha ya Rais. Mwalimu wetu, Mwalimu Ngoy, aliitika vizuri kabisa, kisha akagongomea msumari mpya ukuta wa pembeni na kutundika picha huko. Ule wa zamani ukabaki mtupu juu ya ubao, umepinda kidogo kuelekea mlango. Hakuna aliyetuambia tuutazame tunaposali moyoni, lakini darasa zima lilikuwa likiutazama.

Somo la dini lilifutwa na mahali pake tukawekewa nyimbo za chama. Masera, mtawa mzee aliyekuwa direktrisi wetu, alirudishwa parokiani kushona kanzu za altare. Lakini aliacha desturi moja ambayo mabwana wa abakosti hawakuijua, kwa hiyo hawakuifuta. Tuliiita saa ya kusimama, ingawa haikufika hata dakika kumi. Kila siku, kabla ya kengele ya mwisho, tulifunga vitabu na kukunja mikono, na Mwalimu aliacha Kifaransa na kutuuliza kwa Kiswahili, kwa sababu Masera alisema mtu hawezi kuungama kwa lugha anayoihesabia vidole: "Nani iko na neno?" Mwenye kosa ambalo hakuna aliyeliona alisimama mwenyewe na kulisema. Sheria ilikuwa moja. Hakuna kumtaja mwenzako, na Mwalimu naye, hata kama alikuona kwa macho yake mawili, hakuruhusiwa kukutaja. Anangoja. Usiposimama, kengele inapigwa na unarudi nyumbani na kitu chako. Wageni waliosikia habari hiyo walicheka, wakasema watoto watadanganya. Hawakujua ilivyo kukaa kimya mbele ya mtu anayejua na hasemi. Wazazi wetu, wengi wao wasiojua kusoma hata jina la barabara yao, waliipenda desturi ile kuliko hesabu. Papa Mudogo, yaani baba yake Odilia, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini, alipenda kusema, "Mimi sikutuma mutoto kule ajue Kifaransa tu. Kifaransa hata wezi wanajua."

Odilia alisimama mara nyingi kuliko sisi wote, na si kwa sababu alikosa kuliko sisi. Siku moja tulikuwa na hesabu za kichwa na yeye alipata zote kumi, kama kawaida yake. Saa ya kusimama ilipofika akainuka, mwembamba, sketi yake ya buluu imekunjwa mara mbili kiunoni maana ilikuwa kwanza ya mama yake mdogo. "Hesabu ya saba," alisema, "nilichungulia kwa Kaite Mukubwa. Nilikuwa na jibu langu, na jibu langu lilikuwa zuri. Lakini nilichungulia." Mwalimu akamwondolea alama ile moja, na hivyo mimi, niliyekuwa nimekosa hiyo hiyo ya saba na nyingine tatu, nikachekwa na darasa zima: amechungulia mahali ambapo jibu lenyewe ni baya! Njiani nilimgombeza mpaka kwenye reli. Nilimwambia yeye ni mjinga, hakuna aliyemwona, hata mimi sikumwona. Alikuwa akila embe bichi kwa chumvi, akanipa kipande kama vile sijamtukana. "Masera alisema ukificha neno, linalala na wewe," alinijibu. "Mimi ninalala na wadogo zangu wanne. Nafasi haiko."

Kaite Mukubwa ndiye mimi. Yeye alikuwa Kaite Mudogo. Ubatizoni tulikuwa Jozefina na Odilia, na nyumbani tuliitwa hivyo hivyo, lakini majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa na daftari la shule lilitaka majina ya mababu. Hapo ndipo palipozaliwa balaa letu, na lilizaliwa na upendo. Nyanya yetu aliitwa Kaite, mke wa mzee Mulunda. Kila mmoja wa wanawe wawili alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yake, kama inavyotakiwa, na la baba yao likafuata. Serikali ilipotuvua Jozefina na Odilia, tulibaki wasichana wawili darasa moja, benchi moja, Kaite Mulunda na Kaite Mulunda.

Mwalimu Ngoy aliliona hilo mapema. Jumapili moja, mwezi wa pili, alikuja kwetu baada ya misa na kukuta ndugu hao wawili wakila pamoja sebuleni, kama walivyofanya kila Jumapili. Sisi wawili tulikuwa nyuma ya pazia la jikoni tukingojea masalio. Nakumbuka chakula chenyewe: bukari, ugali wa mihogo, samaki mikebuka wawili wa kukaanga, na sombe ya majani ya mihogo iliyotiwa mawese mpaka ikang'aa. Mwalimu alinawa, akala matonge mawili ya adabu, kisha akasema jambo lake. Mtihani wa mwisho utasahihishwa huko kwenye biro, ofisi ya ukaguzi, na watu wa biro hawajui sura za watoto. Ni heri mmoja wao aongezewe jina la tatu, lolote. Baba yangu akasema ni sawa, ni wazo la akili, basi mdogo wake amwongezee wake. Papa Mudogo akasema ni sawa pia, basi mkubwa ndiye aonyeshe njia. "Mimi nikate jina la mama?" akauliza baba. "Hatukati, Papa, tunaongeza," akasema Mwalimu. Papa Mudogo akamgeukia kaka yake: "Ukiongeza, ni kusema haikutosha. Mama alikunyonyesha wewe nusu?" Walicheka, lakini si sana. Mwalimu alijaribu tena. Aliwaambia hata watoto wenyewe wangeweza kupigiwa kura. Papa Mudogo akafuta vidole vyake kimoja kimoja. "Mwalimu, serikali imetoa Odilia, tumenyamaza. Hiyo Kaite, watuachie." Mwishowe wakakubaliana kutokubaliana, na Mwalimu akasema haidhuru, kila mtoto atakuwa na namba yake. Nyuma ya pazia Odilia alininong'oneza, "Wanagombania nyanya na nyanya amekufa zamani," tukaziba midomo kwa mikono ili kicheko kisitoke.

Kutoka Pasaka mpaka mtihani tulisoma pamoja kwao kila alasiri, chumba cha nyuma, juu ya mkeka uliokuwa pia kitanda cha watoto watano. Mama Mudogo, mama yake Odilia, alianika uani ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, na harufu yao ilijaa hata madaftarini. Odilia ndiye aliyenifundisha. Ninalisema wazi kwa sababu baadaye watu wamenisifu mimi kwa kujua kufundisha. Sehemu za namba sikuzielewa kabisa mpaka alipochukua ndakala kutoka kwenye ungo, akawapanga mkekani, akagawa, akakosea makusudi ili nimsahihishe. Ile njia yake ya kukosea makusudi nimeitumia na watoto wa Kalemie maisha yangu yote na nikapewa cheti kwa ajili yake. Mara nyingine baba yake alirudi kutoka bandarini, mgongo umejaa vumbi la saruji, akaketi mlangoni kutusikiliza tukisoma Kifaransa asichokielewa. Siku moja alisema kitu ambacho sisi wote wawili tulikisikia vizuri. "Odilia, ukipata ile shule ya masera, ya kulala huko huko, utaenda hata nikila majani. Lakini hizi shule za mjini, hapana. Mwaka huu nimeona watoto wanawake wanachezeshwa barabarani kwa ajili ya wakubwa, viuno nje. Kama si kwa masera, basi, utabakia na mama yako." Hakusema kwa ukali. Alikuwa baba mwenye kuogopa, na ile shule ya upande wa kusini wa ziwa, ambako masera, yaani masista, walikuwa bado wanafundisha, ndiyo peke yake aliyoiamini. Baba yangu mimi alikuwa na mawazo mengine. Mimi ningesoma popote. Kwa Odilia mlango ulikuwa mmoja. Na shule yetu nzima, mwaka ule, ilingojea kule nafasi moja tu ya msichana.

Siku ya mtihani kila mmoja alipewa kipande cha karatasi ngumu chenye muhuri, jina na namba. Mimi kumi na saba, yeye kumi na nane. Tulikalishwa mbalimbali. Hesabu ya mwisho ilihusu pipa linalojazwa maji huku likivuja, na mimi nililitazama pipa lile mpaka likaisha lote akilini mwangu bila jibu. Niliacha kurasa mbili nyeupe. Nilipotoka nje nikamkuta Odilia ameketi chini ya ukuta akinisubiri, akauliza, "Pipa ulifanya?" nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo mdogo. Wakati huo sikuuhesabu.

Matokeo yalisomwa mwezi wa saba, kiangazi, ziwa likiwa na upepo. Kwetu kusomwa matokeo ni sikukuu. Wazazi wanakuja wamevaa, wanasimama nyuma ya watoto walioketi chini uani, na jina la mtoto likiitwa, jamaa yake wanamrukia na kummwagia poda kichwani. Wasio na poda humwaga unga. Mtoto anarudi nyumbani mweupe kichwa kizima ili barabara yote ijue. Na ukishamwagiwa, hufutwi. Mama yangu alikuja na bakuli la unga limefunikwa kwa kitambaa, na Mama Mudogo naye na lake, wakawa wanataniana nani ataanza. Ziliimbwa kwanza nyimbo za chama, ngoma zikapigwa, bwana mmoja akahutubia mpaka watoto wadogo wakalala. Kisha Mwalimu Ngoy akapewa bahasha ambayo ilikuwa imefika asubuhi ile ile kutoka kwenye biro. Aliifungua mbele ya watu wote. Alisoma majina ya wavulana, unga ukaruka. Akasema, "Shule ya wasichana ya masera," akashusha macho, akasoma: "Kaite Mulunda."

Tulitazamana. Mkono wake ulikuwa umeshika wangu. Nilijua, na ninataka hili lieleweke, nilijua palepale kama ninavyojua jina langu, kwamba niliacha kurasa mbili nyeupe. Odilia alisema, kwa sauti ndogo, bila wasiwasi, "Ngoja, atasoma namba." Nyuma yangu nikasikia mama yangu akivuta pumzi ya kigelegele. Nikautoa mkono wangu mkononi mwake, nikasimama.

Sina maelezo mazuri kuliko hayo. Nimejaribu kusema nilisukumwa, nilichanganyikiwa, nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu na jina lililoitwa lilikuwa langu pia. Yote ni kweli na hayasaidii kitu. Unga ulinijaa machoni na mdomoni. Baba alininyanyua juu. Kutoka huko juu nilimwona Mwalimu akitazama tena karatasi, kidole chake kikipita upande wa kulia ambako kulikuwa na namba, kisha akainua kichwa na mdomo ukafunguka, na ngoma za chama zikaanza upya. Nilimwona Papa Mudogo akimtazama binti yake aliyeketi, akauliza, "Ni gani? Ni Kaite gani?" Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, alikuja akampiga baba yangu begani. "Kaite njo Kaite," alisema, yaani Kaite ndiye Kaite. "Jina la mama limeshinda." Mama Mudogo akafunika bakuli lake vizuri ili unga usipeperuke.

Baada ya hapo tulirudi darasani mara ya mwisho kurudisha vitabu. Niliketi benchi letu, Odilia upande wangu wa kushoto kama mwaka mzima, unga ukinidondoka kwenye mabega. Mwalimu aliiweka ile karatasi mezani, wazi. Akakunja mikono chini ya ule msumari. "Nani iko na neno?" Alinitazama mimi. Alikuwa na macho mapole, na siku ile yalikuwa yakinisihi. Akauliza tena. Nilihesabu maboti. Akauliza mara ya tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sheria ya Masera ilimfunga, nadhani pia alikuwa na hofu, kwa sababu kugeuza mbele ya chama jambo lililokwisha kutangazwa kulikuwa na hatari zake. Lakini zaidi ya yote nafikiri alituamini. Alikuwa ametulea miezi kumi katika desturi ile na hakuweza kuwaza kwamba ingeshindwa siku hiyo. Hilo lilikuwa kosa lake, kama lake lilikuwapo.

Benchi likalia. Aliyesimama alikuwa Odilia. "Niko na neno," alisema. "Nimemuonea dada yangu wivu. Hata sasa ninaona wivu. Ninaomba aniwie razi." Akaketi. Mwalimu aligeuka, akachukua kitambaa, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu, akaufuta kwa muda mrefu mpaka kengele. Kabla hatujatoka aliibandika karatasi mlangoni ili kila mtu asome. Nilipita karibu nayo. Kaite Mulunda, kumi na nane. Sikugeuka kuona kama Odilia alikuwa nyuma yangu. Maisha yake yote sikujua kama aliisoma au hapana.

Mwezi wa kumi nilipanda boti kwenda kwa masera. Mwalimu Ngoy alihamishiwa Ankoro na sikumwona tena. Papa Mudogo alishika neno lake: Odilia alibaki na mama yake, akaanika ndakala, na baada ya miaka mitatu akaolewa Zongwe na mvuvi. Sitasema alikuwa na maisha mabaya. Alizaa saba, akazika wawili, akapendwa. Lakini kila nilipomtembelea nilikuta ameandika kwa mkaa ukutani, hesabu za samaki, majina ya wanawe, sentensi za Kifaransa tulizosoma darasa la sita, zile zile, kwa sababu nyingine hakuwa nazo. Aliniomba vitabu vya watoto wangu vilivyochakaa. Alinitumia ndakala kila mwaka kwa mtu wa boti. Mimi nilikuwa direkta, na katika shule yangu niliirudisha saa ya kusimama. Wazazi waliniheshimu kwa hilo. Mara nyingi nilifika Zongwe nimeazimia kusema. Tulikula, tulicheka, tukawasengenya waume zetu, na boti ya kurudi ikaita. Nilijiambia kwamba pengine hajui, na kumwambia ni kumnyang'anya amani. Mwoga akitaka kukaa kimya hakosi sababu nzuri.

Basi siku ile ya tatu, wanawake wakiendelea na habari zao, Feza alitoka ndani ya nyumba. Ni mwalimu wa chekechea, mrefu, ana kiuno cha mama yake. Kabla ya kuingia alikuwa akitusaidia kuchekecha na mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye kiwiko, kwa hiyo alishika kitu kidogo kwa ncha za vidole. "Mama Mukubwa, nimekuta hii katika kitabu chake cha sala. Njo nini?" Kilikuwa kipande cha karatasi ngumu, kimelainika kama kitambaa, muhuri umebaki duara ya zambarau. Kaite Mulunda. Kumi na nane. Nilikigeuza. Nyuma, kwa penseli, kwa mwandiko ule ule ulionyooka wa darasa la sita, palikuwa pameandikwa: Nimeiona mlangoni.

Alijua. Alijua siku ile ile, na alikuwa anajua kila boti ilipoleta ndakala zangu, na kila mara nilipokula mezani kwake nikimwambia habari za shule yangu. Nililia, na wanawake wakadhani ninalia kama tunavyolia wote, mmoja akanipa maji. Feza akaniuliza tena ni karatasi gani.

Nikaweka chekeche chini. Magoti yangu siku hizi hayapendi kazi hiyo, lakini nilisimama, katikati ya ua, mbele ya watu wanaoniita Mama Direkta. "Niko na neno," nilisema. Nikawaeleza yote: kurasa nyeupe, mkono niliouchomoa, namba. Haikuchukua muda. Jambo lililonichukua miaka yote ile lilikwisha kabla maharagwe hayajachemka. Yule bibi wa lungo alishika mdomo. Hakuna aliyesema haidhuru, nami nashukuru hawakusema.

Feza hakunitazama. Alikuwa akiitazama ile karatasi. "Kwa hiyo Mama alishinda," alisema.

"Alishinda. Ni yeye alishinda. Alikuwa wa kwanza."

Aliinama kwenye bakuli la unga niliokwisha kuchekecha, akauchota kwa viganja viwili, akasimama nao, akageuka huku na huku kama mtu anayetafuta. Kichwa chenyewe hakikuwepo. Akaingia ndani, tukamwona kupitia mlango akimwaga unga ule juu ya mkeka, mahali mama yake alipolala siku za mwisho, kisha akapiga kigelegele, kimoja, kirefu, peke yake, na hakuna aliyekiitikia.